Gari la Nakala Liitwe Nakala: Hotuba kwa Wamiliki na Mafundi wa Magari ya Kale ya Mbio

Mheshimiwa Mwenyekiti, wamiliki wa magari, madereva, mafundi wenzangu wa rika langu, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango,

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Niliombwa nizungumzie swali ambalo limekuwa likitugawa kila tunapokutana: je, gari la nakala, lililojengwa juzi kwa kufuata umbo na vipimo vya gari maarufu la zamani, lina haki ya kusimama kwenye mstari wa kuanzia pamoja na gari halisi lililotoka kiwandani miaka 50 au 60 iliyopita? Nimekuwa fundi kwa miaka mingi, na kwa miaka kadhaa nimekagua magari kabla ya mashindano, kwa hiyo nitasema ninachokiamini bila kuzungukazunguka. Haki hiyo linayo. Asichokuwa na haki nacho mwenye gari ni kulibandika gari lake historia ya gari jingine.

Niruhusuni nianze na gari moja nililoliona kwa macho yangu. Nilipokuwa bado kijana wa kushika spana, gereji yetu ililetewa Datsun 240Z yenye bodi nyekundu na boneti nyeusi, taa kubwa mbele, na bamba la chuma chini ya injini. Muuzaji alikuwa akisema ni mojawapo ya magari ya timu ya kiwanda yaliyoshiriki Safari, ile rali yetu kubwa ya Afrika Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mnunuzi alituomba tulitazame kabla hajatoa pesa. Fundi wangu, Mungu amrehemu, alilizunguka kimya kwa muda mrefu, akaingia chini yake, akatoka, akafungua buti, kisha akaomba kiwembe. Akakwangua rangi mahali pamoja tu, nyuma ya bawaba ya mlango, eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Chini ya nyekundu palikuwa na nyeupe, na chini ya nyeupe palikuwa na kijani, ndipo tukafikia praima ya kiwandani. Halafu akatuonyesha matundu ya boliti za kushikia tairi la pili la akiba: kingo zake zilikuwa chuma kitupu, bila rangi na bila kutu, kana kwamba yametobolewa mwezi ule ule. Akapitisha kidole ndani ya mikunjo ya bati, kule ambako udongo wa Safari ukishaingia hautoki hata ukipigwa maji ya mvuke, na kidole chake kikatoka safi.

Naomba mnielewe vizuri hapa. Lile halikuwa gari baya. Aliyelijenga alikuwa fundi hodari, aliyechomelea bati kwa mkono uliotulia na kuzichagua springi zake kwa akili. Kama muuzaji angesema, «Nimejenga 240Z kwa mfano wa yale magari ya kiwanda,» mnunuzi angetoa bei ya haki na angeondoka na furaha yake. Lakini alitaka kuuza ushindi wa watu wengine. Alitaka kuuza Safari ya 1971 waliyoshinda Edgar Herrmann na Hans Schüller, na ile ya 1973 ambayo Shekhar Mehta na Lofty Drews walimaliza wakiwa na pointi sawa za adhabu na wenzao wa timu, hata ikabidi mshindi aamuliwe kwa kanuni ya kuvunja sare. Hayo hayatengenezwi gerejini, na ndiyo maana yana thamani.

Ugomvi wetu mwingi unatokana na kuchanganya maswali mawili. La kwanza linahusu muundo: je, gari hili linafanana kwa kila kipimo na gari lililoruhusiwa kushindana wakati ule, yaani injini ya ujazo ule, breki za aina ile, kabureta zile, bodi ya madini yale? La pili linahusu maisha: je, gari hili ndilo lililokuwapo siku ile, mahali pale, likiendeshwa na mtu yule? Swali la kwanza ni la mkaguzi na la dereva. La pili ni la mwanahistoria, la mnunuzi na la mahakama.

Shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, lilikwisha kuyatenganisha maswali haya katika kanuni zake za magari ya kale, zinazojulikana kama Kiambatisho K. Kanuni hizo zinakubali gari ambalo ni la asili au lenye muundo unaolingana kabisa na wa modeli iliyokuwa na rekodi ya mashindano ya kimataifa katika zama zake. Gari likikubaliwa hupewa pasipoti ya kiufundi yenye picha na vipimo vyake. Watu wengi huichukua pasipoti hiyo kama cheti cha kuzaliwa, na hilo ni kosa kubwa. Pasipoti inasema kwamba gari linafuata muundo wa zama zake, wala haithibitishi kwamba ni gari halisi. Nimewahi kumwona mtu akiitikisa pasipoti mbele ya mnunuzi kama hati ya kiwanja, na mnunuzi, kwa kutojua, akatulia.

Tena hilo swali la pili ni gumu kuliko tunavyodhani, kwa sababu gari la mbio halijapata kuwa kitu kinachokaa kama kilivyotoka kiwandani. Kumbukeni Safari yenyewe. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakarudi. Mwaka 1968 yaliondoka 93 na yakarudi 7 vilevile. Mnadhani hayo saba yalirudi na vipande vilevile? Usiku kucha mafundi walikuwa wakibadilisha springi, shokabsoba, vioo na hata giaboksi kando ya barabara kwa mwanga wa tochi. Joginder Singh aliposhinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, Volvo yao aina ya PV544 ilikuwa imekwisha kutumika na timu ya kiwanda kabla haijafika mikononi mwao. Gari lile lilikuwa na makovu kabla ya ushindi wake. Mtu akiniambia leo kwamba gari la rali ni halisi kwa kuwa kila boliti yake ni ya kiwandani, mimi ndipo ninapoanza kuwa na shaka.

Kuna kesi moja ya Uingereza ambayo ningependa kila fundi kijana aliyemo humu aijue. Gari la Bentley Speed Six lililoitwa «Old Number One» lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929 na tena mwaka 1930, na Woolf Barnato alikuwa mmoja wa madereva wake mara zote mbili. Baadaye gari lilijengwa upya, likatiwa injini kubwa ya lita 8, na mwaka 1932 likapata ajali katika mbio za Brooklands, dereva wake Clive Dunfee akafariki. Likajengwa tena kwa bodi ya aina nyingine. Takriban miaka 60 baada ya ushindi wa Le Mans likauzwa kwa mkataba wa pauni milioni 10, na kampuni iliyokuwa inunue ikakataa kulipa, ikidai kwamba hilo si Old Number One hata kidogo. Shauri likafika Mahakama Kuu, na mwaka 1990 Jaji Otton akatoa hukumu.

Ushahidi wa kiufundi ulikuwa wa kutisha. Cha gari lililoshinda mwaka 1929 hakikubaki kitu ambacho mtu angeweza kukitaja kwa uhakika. Cha mwaka 1930 vilibaki vichache mno: shafti ya pedali, ganda la giaboksi na mhimili wa usukani. Fremu yenyewe ilikuwa ya matengenezo ya 1932. Hata hivyo jaji aliona kwamba, ingawa gari lile haliwezi kuitwa la asili kwa maana ya vipande vyake, ndilo Old Number One halisi, kwa sababu maisha yake hayakukatika wala hapakuwa na gari jingine lililoweza kudai jina hilo. Mnunuzi akashindwa.

Wenzangu wa pwani walilijua jambo hili kabla ya majaji. Jahazi la Lamu hupandishwa ufuoni likabadilishwa mbao, mwaka huu za ubavu, mwaka kesho mkuku, hata ikafika siku hakuna ubao uliowahi kuguswa na fundi wa kwanza. Jina lake halibadiliki, wala mabaharia hawaulizani kama ni chombo kile kile, kwa kuwa haikupita siku ambayo chombo hicho kilikoma kuwapo. Lakini fundi mwingine akiunda jahazi jipya kando yake kwa kipimo kile kile, hata akitumia zile mbao zilizong'olewa, hakuna nahodha atakayelipa jina hilo wakati lenyewe bado linaelea.

Na kwenye magari hilo ndilo linalotokea. Gari linagonga, fremu iliyopinda inatupwa nyuma ya gereji, gari linawekewa fremu mpya na kuendelea na mbio. Baada ya miaka 30 mtu anaiokota fremu ile, anainyoosha, anajenga gari zima juu yake, na sasa kuna magari mawili yenye namba moja ya chesisi, yaani namba ya fremu, moja likiwa na vyuma na jingine likiwa na makaratasi. Kila mmoja anamwita mwenzake mwongo, na kila mmoja ana chembe ya ukweli. Mimi nafuata hukumu ya Otton na desturi ya Lamu: mwenye jina ni lile ambalo maisha yake hayakukatika. Lile jingine ni gari la heshima lenye kipande cha kihistoria ndani yake, na liandikwe hivyo hivyo.

Sasa nirudi kwenye mstari wa kuanzia, kwa sababu najua wamiliki wa magari halisi mna malalamiko, na malalamiko yenu nayachukulia kwa uzito. Mnasema nakala zinawashinda. Ni kweli, mara nyingi zinawashinda. Injini ya nakala imetengenezwa kwa mashine za leo zinazokata chuma kwa usahihi ambao fundi wa 1962 hakuuota. Bomba za fremu yake ni mpya, hazina nyufa za uchovu, na maungio yake yamechomelewa kwa gesi na waya bora kuliko za wakati ule. Mafuta ya injini ni bora. Hata katika mbio za Ulaya ambako magari ya kabla ya 1966 hulazimishwa kutumia tairi za Dunlop za muundo wa zamani, tairi zile zile hushika barabara vizuri zaidi chini ya fremu isiyojipinda. Juu ya yote hayo yuko dereva ambaye moyo wake umetulia, kwa kuwa anajua kwamba akigonga ukuta atanunua bati jingine. Mwenye gari halisi anaingia kwenye kona akiwa amebeba urithi mzima mabegani.

Tazameni ukubwa wa urithi huo. Ferrari 250 GTO ilitengenezwa kati ya 1962 na 1964, magari 36 tu, au 39 ukihesabu yale matatu ya injini ya lita 4. Mwaka 2018 moja liliuzwa mnadani kule Marekani kwa zaidi ya dola milioni 48. Mwenye gari kama hilo akiliingiza katika kona iliyojaa magari ya mbio ya AC Cobra, namvulia kofia, lakini siwezi kumlaumu anayeliacha nyumbani. Isitoshe, usalama ni jambo ambalo mimi kama mkaguzi siwezi kulifumbia macho. Magurudumu na maganda ya magnesiamu huchoka kwa umri na kuoza kwa ndani bila kuonekana kwa jicho. Nimewahi kugonga gurudumu la zamani kwa kipini cha nyundo na likatoa sauti butu, kama chungu chenye ufa. Mwenyewe alikuwa amejiandaa kulikimbiza kilomita 200 kwa saa kwa sababu ni la asili. Nilimzuia asishindane, akakasirika sana, na nitamzuia tena akirudi nalo.

Kwa hiyo tukizifukuza nakala tutabaki na uwanja wenye magari sita, matatu yakiendeshwa kwa woga na mawili yakiwa na vyuma visivyofaa tena. Watazamaji hawatasikia mngurumo wa silinda 12, na vijana hawatajifunza kurekebisha kabureta. Cobra halisi zilizotengenezwa miaka ya 1960 ni karibu 1,000, na nakala zake ni nyingi mara nyingi zaidi. Kama zote zingekaa kimya, mchezo huu ungebaki wa kusimuliwa.

Dawa ya malalamiko yenu, kwa maoni yangu, iko kwenye ukaguzi mkali. Nakala ikubaliwe kwa sharti la kufuata muundo wa zama zake kwelikweli, hadi unene wa bati na uzito wa gari mizani ikiligusa. Kinachoniudhi ni nakala iliyo nyepesi kuliko gari lililoigwa, na hilo lipo. Wahunzi waliotengeneza bodi za magari yale walikuwa wakigonga aluminiamu kwa nyundo juu ya gogo, na ukipima bawa, yaani bati la juu ya gurudumu, la kushoto na la kulia la gari halisi utakuta hayalingani. Nakala nyingi zinalingana kabisa pande zote. Sisemi bodi ipindwe makusudi ili ionekane ya kale, kwani huo nao ni ulaghai. Nasema mkaguzi ajue kwamba unyoofu kupita kiasi ni alama, aiandike kwenye fomu, na aendelee na kazi.

Viwanda vyenyewe vimelifanya jambo liwe gumu zaidi. Jaguar ilipanga kujenga magari 18 ya mbio ya E-Type nyepesi mwaka 1963 ikajenga 12, na mwaka 2014 ikatangaza kuyajenga yale 6 yaliyobaki, kwa namba za chesisi zilizokuwa zimetengwa tangu zamani. Baadaye ikajenga magari 9 ya aina yake nyingine ya zamani, XKSS, idadi ile ile iliyoungua katika moto wa kiwanda cha Browns Lane mwezi Februari 1957. Ni kazi nzuri ajabu. Lakini gari lililozaliwa baada ya 2014 halikuwapo mwaka 1963, hata likizaliwa na mama yule yule.

Na hapa kwetu? Rali ya Safari ya magari ya kale ilipoanza mwaka 2003, iliturudishia sauti ambazo watoto wetu walikuwa hawajazisikia. Magari mengi yanayoshiriki hayakuwapo katika Safari ya zamani. Ni Porsche 911 na Ford Escort za kawaida zilizotengenezwa upya kwa ajili ya kazi hii, na kule Uingereza unaweza hata kuagiza bodi mpya kabisa ya Escort. Mwaka 2011 Björn Waldegård, akiwa na umri wa miaka 68 na mwanawe Mathias akimsomea njia, alishinda rali hiyo kwa Porsche 911. Mnajua maana yake? Porsche haikuwahi kushinda Safari yenyewe. Waldegård huyo huyo alikuwa wa pili kwa Porsche mwaka 1974, nyuma ya Joginder Singh, na kampuni hiyo ikawa ya pili tena mwaka 1978 kwa mkono wa Vic Preston mdogo. Gari lililoshinda 2011 halikuwa lile la 1974, hakuna aliyesema ndilo, na hakuna aliyedanganyika. Tulisimama kando ya barabara na vumbi letu usoni tukapiga makofi kwa mzee na mwanawe. Huo ndio mfano ninaoutaka.

Kinachoniuma ni upande mwingine. Magari halisi yaliyokimbia katika nchi zetu, ya Kenya, Uganda na Tanzania, mengi tuliyaacha yapotee. Mengine yaliuzwa nje, mengine yalikatwa spea, mengine yalipakwa rangi yakawa ya kubebea mboga. Chuma kilichopotea nakisikitikia, lakini nayasikitikia zaidi makaratasi. Vitabu vya gari vilitupwa, picha ziliungua na nyumba, na mafundi waliojua ni gari gani lilibadilishwa injini wapi wamekufa bila kuulizwa. Mgeni akija leo na gari akisema lilipita Mombasa au Kampala katika rali ya mwaka fulani, nani atamwambia ndiyo au hapana? Pasipo kumbukumbu, mwenye gari halisi na mwenye gari la uongo wanasimama sawasawa mbele ya mnunuzi, na hilo ni dhuluma kwa yule wa kweli.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kila nakala inayoingia katika mashindano yetu ibandikwe kibati kidogo kwenye dashibodi, mahali dereva na mkaguzi wanapokiona, kikisema mwaka lilipojengwa, aliyelijenga, na gari lililoigwa. Wajenzi wasione haya. Aliyejenga 240Z ile nyekundu ya ujana wangu alistahili jina lake lisomwe, na kwa sababu ya tamaa ya muuzaji hatukulijua kamwe.

La pili ni daftari. Nimelinunua jana, kubwa, la kurasa zenye mistari, na liko juu ya meza ile karibu na mlango. Kabla hamjaondoka, kila mwenye gari la kale aandike namba ya chesisi, namba ya injini, rangi ya kwanza anayoijua, aliyemuuzia, na ajali au matengenezo makubwa yoyote, hata yale yanayopunguza bei. Mafundi wazee tuandike tunayoyakumbuka, tukitenganisha tuliyoyaona na tuliyoyasikia. Mimi nimejaza ukurasa wa kwanza kwa Peugeot 404 niliyoifungua injini nikiwa na miaka 19, ambayo fremu yake najua ilibadilishwa, na nimeandika nani aliibadilisha na kwa nini. Kalamu zipo tatu.